Kutembelea ndugu Uingereza bila kuganda sebuleni: weka kambi Leicester, zunguka miji midogo kwa treni

Wengi wetu tukipata nafasi ya kwenda kumsalimia dada au mjomba Uingereza plani inakuwa ile ile, siku mbili tatu London, picha Big Ben, picha Tower Bridge, afu muda wote uliobaki mgeni yuko sebuleni kashika rimoti anasubiri mwenyeji atoke kazini ampeleke mahali. Mwenyeji naye akitoka kazini kachoka, macho mekundu, anataka kulala tu. Wiki haijaisha watu washaanza kununiana kimya kimya.

Mi naona nyumba ya ndugu ingekuwa kambi, yaani pa kulala, kula pamoja na kupiga stori usiku, na mchana wenyeji wakiwa zamu wewe unapanda treni ya kawaida unaenda mji mdogo wa karibu, unazunguka kwa miguu, jioni umerudi. Natumia Leicester kama mfano kwa sababu mji wenyewe umejaa watu wenye asili ya Afrika Mashariki, na kuna reli moja inatoka pale inapita miji mitatu mizuri mfululizo ndani ya saa moja. Kama ndugu zako wako kwingine soma tu, huko chini nimeweka jinsi ya kuitafuta reli ya kwenu.

Hatua ya 1: Ulizia zamu kabla hujakata tiketi ya ndege

Ndugu zetu wengi kule wako hospitali, nyumba za wazee, maghala. Ratiba ya zamu inatoka mapema, na likizo ya mwaka inaombwa mapema zaidi, sio unampigia simu shangazi unamwambia "nshakata tiketi, natua Jumamosi" afu unategemea awe yupo. Muulize hivi: wiki zipi uko zamu za usiku, siku zipi huingii kazini, watoto wanafunga shule lini. Leicester shule mara nyingi zinafunga mapema kidogo kuliko sehemu nyingi za England, katikati ya Julai hivi, na hapo kila mzazi kazini anaomba likizo, kwa hiyo anayechelewa kuomba anakosa.

Kuhusu msimu, mimi napenda Mei, Juni na mwanzo wa Septemba. Mwezi wa 6 jua linazama karibu saa tatu na nusu usiku ya kwetu, unaweza kutoka nyumbani saa nne asubuhi na bado siku ikakubeba. Desemba mambo ni tofauti kabisa, saa kumi jioni giza, na tarehe 25 treni hazitembei, mabasi karibu yote yamelala, na maduka makubwa sheria inayafunga. Ukienda Krismasi nenda kwa ajili ya ndugu tu, habari ya miji midogo sahau.

Kuna jambo linachanganya wageni, ni masaa. Kuanzia Jumapili ya mwisho ya Machi mpaka Jumapili ya mwisho ya Oktoba sisi tunawatangulia masaa 2, miezi mingine masaa 3. Na ndugu zako waliokaa sana kule wakiongea Kiswahili hujui "saa mbili" anamaanisha ya kwetu au ya kwao, kwa hiyo wakikuambia nikute stesheni saa mbili, mwambie akuandikie namba kama inavyosoma kwenye simu.

Hatua ya 2: Viza na zile karatasi

Mtanzania, Mkenya, Mganda, wote wanahitaji viza. Ya kutembelea ndugu inaitwa Standard Visitor, unakaa mpaka miezi 6. Unaomba mtandaoni kwenye gov.uk, unaweza kuanza miezi 3 kabla ya safari sio zaidi ya hapo, na majibu kwa kawaida yanatoka ndani ya wiki 3 tangu utoe alama za vidole. Ada ya ile ya miezi 6 ilipanda mwaka 2025 kutoka pauni 115 hadi 127, na huwa wanazigusa mara kwa mara, kwa hiyo angalia bei ya siku unayoomba.

Barua ya mwaliko sio lazima kisheria ila mi nisingeomba bila hiyo. Ndugu aandike yeye ni nani kwako, anakaa wapi, hali yake ya ukaazi, utalala kwake au la, nani analipa nini. Wewe kwa upande wako onyesha una sababu ya kurudi: kazi, biashara, watoto, shamba, chochote chenye karatasi. Na statement ya benki iwe inaeleweka, maana watu wanakopa hela wanajaza akaunti wiki moja kabla ya kuomba wakidhani afisa haoni. Anaona hiyo kwanza.

Halafu jambo la mpakani. Viza hii hairuhusu kazi ya malipo. Dada zetu wengi wanaenda mwenzao akijifungua, kumsaidia ndugu yako kwa muda mfupi ni sawa, ila ukimwambia afisa wa uhamiaji "nakuja kulea mtoto wananilipa kidogo" umejifunga mwenyewe. Sema ukweli, na ukweli wenyewe uwe umeupanga vizuri kabla. Uwe na anwani ya mwenyeji pamoja na postikodi, na namba yake ya simu iandikwe kwenye karatasi kabisa maana simu inaweza kuzima chaji.

Bima ya safari usiikwepe. Huduma ya dharura pale A&E, yaani kitengo cha dharura cha hospitali, ni bure kwa kila mtu ila ukishalazwa wewe mgeni unatozwa, na wanatoza asilimia 150 ya gharama. Namba ni 999 kwa dharura, 111 kwa ushauri wa afya.

Hatua ya 3: Begi, na vitu vya kuacha nyumbani

Nyama na maziwa, kuanzia nyama ya kukausha mpaka siagi na samli ya bibi, acha. Watanyang'anya. Wakenya sikilizeni, miraa ni dawa ya kulevya kisheria kule tangu Juni 2014, hata kama mjomba analia kwa hamu usibebe. Unga wa ugali wala usijisumbue, Leicester kuna maduka ya Wahindi na ya Waafrika yanauza unga mweupe, mihogo, bamia, embe, mpaka unasahau uko wapi. Beba ambavyo kule havina ladha ya nyumbani: chai ya majani, kahawa, binzari ya pilau ya mama fulani wa sokoni, vitenge, kanga, vikoi.

Plagi ya kubadilisha usinunue, zao ni zile zile za pini tatu za mraba tunazotumia sisi. Koti la mvua ni bora kuliko mwavuli, upepo wa kule mwavuli unaugeuza kama bakuli.

Na zile pauni za karatasi ambazo baba alizificha kwenye kabati toka zamani, usizitegemee madukani. Noti za karatasi za 20 na 50 ziliacha kutumika Septemba 2022, zile za 5 na 10 zamani zaidi, siku hizi zote ni za plastiki. Hazijapotea, Bank of England bado wanazibadilisha, ila sio kitu cha kutoa kaunta ukiwa na foleni nyuma yako. Sehemu kubwa ya maisha kule ni kugusisha kadi, mpaka kwenye basi. Keshi kidogo weka kwa ajili ya soko.

Hatua ya 4: Kukaa kwa watu bila kuwachosha

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe, na jembe la Uingereza ni vyombo, takataka na watoto. Nyumba nyingi ni ndogo, choo na bafu pengine kimoja, na asubuhi kuna foleni ya watu wanaowahi. Uliza ratiba ya bafu. Usikae nusu saa kwenye maji ya moto, gesi inalipiwa na bili yake inauma. Hita usiipandishe mwenyewe, vaa sweta kwanza. Takataka zina mapipa ya rangi na siku tofauti, uliza lipi linaingia nini, ukichanganya wanaweza wasilichukue pipa la mwenyeji wako na wiki nzima linanuka.

Mtu wa zamu ya usiku analala mchana. Hapo ndo treni inapokuwa rafiki yako, maana wewe ukitoka nyumbani naye analala kwa amani. Nunua vitu vya jikoni bila kuombwa. Usimpe hela mkononi, atakataa kwa aibu, wewe ingia supamaketi rudi na mchele, kuku, mafuta na matunda. Na siku moja pika wewe, pilau ya nyumbani watakukumbuka nayo mwaka mzima.

Siku za mwanzo zungukia Leicester yenyewe. Nenda Belgrave Road na Melton Road ile wanayoiita Golden Mile, kule utakuta wazee wa Kihindi waliozaliwa Kampala, Kisumu, Dar, wengine Kiswahili chao kipo safi, ukimsalimia mzee "shikamoo" dukani anaweza akasahau kukuuzia akaanza kukuuliza habari za Uganda ya zamani. Idi Amin aliwapa Waasia siku 90 waondoke mwaka 1972, na halmashauri ya Leicester wakati ule ilienda kutangaza kwenye gazeti la Uganda Argus kwamba mji umejaa, msije. Walikuja hata hivyo, na leo mtaa ule ndo fahari ya mji. Kula muhogo wa kukaanga wenye pilipili pale, afu nenda kanisa kuu kaone kaburi la mfalme Richard III, mifupa yake waliikuta chini ya maegesho ya magari mwaka 2012 wakamzika tena kwa heshima 2015.

Hatua ya 5: Tiketi, hapa ndo hela zinapotea

Tiketi za treni kule bei zake hazina aibu, safari ile ile watu wawili wamekaa siti moja wamelipa tofauti kabisa. Kwa safari fupi za mchana unayoitafuta ni Off-Peak Day Return, yaani kwenda na kurudi siku hiyo hiyo ukiondoka baada ya msongamano wa asubuhi. Uzuri wake mara nyingi inakuruhusu kushuka njiani. Ukinunua Leicester mpaka Stamford unaweza kushuka Oakham ukala, ukapanda treni inayofuata kwa tiketi ile ile. Ile inayoitwa Advance inaweza kuwa rahisi kidogo ila inakufunga kwenye treni moja tu na hushuki njiani, kwa matembezi haifai.

Mkiwa wawili mnaotembea pamoja, wewe na binamu au mume na mke, nunueni Two Together Railcard. Ni pauni 35 kwa mwaka, inakata theluthi ya nauli, ila inataka picha zenu wote wawili, lazima msafiri pamoja, na Jumatatu mpaka Ijumaa inaanza kufanya kazi saa tatu na nusu asubuhi ya kwetu, 9:30 ya kwao. Mkiwa na watoto kuna Family & Friends, watu wazima mpaka 4 na watoto mpaka 4, watoto wanakatiwa asilimia 60. Chini ya miaka 5 ni bure. Hata mgeni ananunua, hawaangalii pasi yako ni ya wapi.

Basi ni rahisi zaidi, tangu Januari 2025 nauli ya njia moja England kwenye mabasi yaliyo kwenye mpango haizidi pauni 3 hata kama safari ni ndefu. Shida ya mabasi ya vijijini ni kwamba la mwisho linaondoka mapema na Jumapili njia nyingine hamna kitu. Kwa hiyo ukishuka tu mahali, kabla hujapiga picha hata moja, soma ratiba ya kurudi. Wikiendi pia angalia kama kuna matengenezo ya reli, wakifunga njia wanakupakia kwenye basi na safari ya nusu saa inakuwa saa na nusu.

Hatua ya 6: Reli yenyewe, mji kwa mji

Treni ni ya CrossCountry, inatoka Birmingham inapita Leicester afu Melton Mowbray, Oakham, Stamford, Peterborough, na nyingi zinaendelea mpaka Cambridge na uwanja wa ndege wa Stansted. Karibu kila saa kuna moja. Mabehewa machache, inatembea taratibu kati ya mashamba, kondoo huku na huku. Siri ya reli hii ni kuchagua siku kwa kuangalia soko: Jumanne Melton, Jumatano au Jumamosi Oakham, Ijumaa Stamford. Mji mdogo wa Kiingereza siku ya soko na siku isiyo ya soko ni miji miwili.

Melton Mowbray ni kama robo saa tu toka Leicester. Jumanne pita katikati ya mji uende mpaka Scalford Road kwenye mnada wa mifugo. Kuna ulingo mdogo wa vyuma, kondoo wanaingizwa kundi kwa kundi, dalali yuko juu kwenye kizimba anataja bei kwa kasi ambayo hata Mwingereza mwenzake sidhani kama anaipata yote, na wanunuzi wamesimama kimya kabisa, makoti ya kijani, buti za mpira, fimbo mkononi. Bei inapanda na huoni nani anaipandisha. Ukikazia macho ndo unaona, mzee mmoja anainua kidole kimoja juu ya chuma, mwingine anatikisa kichwa kidogo tu, basi kashanunua kondoo ishirini. Aliyezoea mnada wa Pugu na yale mabishano yake atasimama pale saa nzima. Vaa viatu ambavyo huviogopei kinyesi.

Mji unajulikana kwa pai za nguruwe, jina lake limelindwa kisheria tangu 2009 kwamba ukitengeneza nje ya eneo lile huwezi kuiita ya Melton Mowbray. Usiyekula nguruwe pita mbele, kuna jibini la Stilton lile la mistari ya bluu, linanuka kama soksi lakini ukilipaka kwenye biskuti unaelewa. Nalo kisheria linatengenezwa kaunti tatu tu, Leicestershire, Derbyshire na Nottinghamshire, na kijiji chenyewe kinachoitwa Stilton hakimo kwenye hizo kaunti, kwa hiyo Stilton hawaruhusiwi kutengeneza Stilton. Waingereza wenyewe hawaoni ajabu.

Oakham ni makao makuu ya Rutland, kaunti ndogo yenye miji miwili tu, huu na Uppingham. Serikali iliifuta 1974 ikaiunganisha na Leicestershire, watu wakagoma rohoni miaka yote mpaka ikarudishwa 1997. Nenda kwenye ukumbi wa Oakham Castle, kuingia ni bure. Usitegemee ngome kubwa, ni jengo moja la mawe la karne ya 12, ila ndani ukuta mzima umejaa viatu vya farasi zaidi ya 200, vingine vikubwa kuliko meza, vyote vimening'inizwa kichwa chini. Desturi ni kwamba mtu wa ukoo wa kifalme au lodi akipita Oakham mara ya kwanza lazima aache kiatu cha farasi. Kodi ya kupita hiyo, sema ya kistaarabu.

Ukiwa na nguvu toka Oakham nenda Rutland Water, ziwa la kutengenezwa na watu la miaka ya 1970. Kuzunguka lote kwa baiskeli ni kama maili 23 ukijumlisha ile rasi ya katikati, za kukodi zipo pale pale ziwani. Upande wa kusini kuna kanisa la Normanton linaonekana kama limesimama majini, walipojaza ziwa sakafu yake ingezama, wakalijaza mawe nusu ya chini wakajenga njia ya kulifikia. Kila mtu anapiga picha pale na mimi siwalaumu.

Stamford ndo kipenzi changu. Mji wote umejengwa kwa jiwe moja la rangi ya asali, na mwaka 1967 ulikuwa wa kwanza England kutangazwa eneo la hifadhi, yaani hubomoi wala kubandika bati lako unavyotaka. Toka stesheni unavuka majani ya Meadows na mto Welland, watoto wanarushia bata mikate, unaingia mjini. Ijumaa soko linajaa barabarani, maua, samaki, vitambaa. Nunua mkate na matunda ule kwenye majani pale mtoni, huna haja ya mgahawa.

Usiondoke bila kwenda kanisa la St Martin's kuona kaburi la Daniel Lambert. Huyu bwana alikuwa mtu wa Leicester, mlinzi mkuu wa jela, alizaliwa 1770, akafa ghafla Stamford Juni 1809 alipokuja kwenye mashindano ya farasi, na alikuwa na kilo 335. Ilibidi wabomoe dirisha na ukuta wa hoteli kulitoa jeneza, na jeneza lenyewe walilifunga magurudumu. Ukirudi Leicester nenda jumba la makumbusho la Newarke Houses, nguo zake ziko pale, mwambie mtu asimame pembeni yake uone.

Karibu na Stamford, kutembea kidogo tu, kuna Burghley House aliyoijenga William Cecil, waziri wa malkia Elizabeth wa kwanza, kuanzia 1555. Kuingia ndani ni kulipia na majira ya baridi wanafunga, ila bustani ya nje yenye swala wa kizungu ni bure na mi nadhani inatosha.

Mambo madogo ya miji hii. Maduka mengi yanafunga saa kumi na moja, kumi na moja na nusu jioni. Jiko la pub likipita saa nane na nusu mchana pengine limefungwa mpaka jioni, kwa hiyo kula mapema. Pub unaagiza kaunta, na sio lazima unywe pombe, agiza chai au soda hakuna atakayekushangaa. Choo cha umma kikikupotea ingia maktaba au supamaketi. Samaki na chipsi uliza wanakaangia mafuta gani, sehemu nyingine ni mafuta ya ng'ombe. Msikiti Leicester ipo kila kona ila Melton na Oakham usitegemee, kibla ni kusini mashariki, majani makavu ya bustani yanatosha kuswalia.

Na maduka ya charity, yale yanayouza vitu vilivyotolewa msaada, msiyapite, hapo ndo mitumba ilipo kabla haijapanda meli. Zisizouzika zinakusanywa na wafanyabiashara na sehemu yake ndo inatua Gikomba na Karume. Miji yenye hela kama Stamford na Oakham makoti yao ya mtumba ni mazuri kuliko mapya ya bei rahisi ya mjini.

Kuna swali watu wanauliza kwa kunong'ona, weusi tunaangaliwaje huko. Unaweza ukawa mweusi peke yako mtaani siku nzima, ndio. Utaangaliwa kidogo, ukisalimia "morning" unajibiwa, vibibi wanaweza kukusimamisha kukuuliza umetoka wapi na hali ya hewa umeionaje. Njia za miguu zinazokatiza mashamba, zile zenye mshale wa njano, ni haki ya kila mtu, hata kama zinapita katikati ya ngano za mtu. Funga geti nyuma yako tu.

Hatua ya 7: Ndugu zako hawako Leicester?

Fungua ramani, tafuta stesheni yao, afu fuata treni ya polepole inayosimama kila mahali, sio ya kwenda London. Mji unaoutaka una stesheni ya kutembea kwa miguu mpaka katikati, una siku ya soko, na una treni ya kurudi baada ya saa kumi na mbili jioni. Walioko Birmingham wana Warwick na Stratford-upon-Avon. Manchester kuna Hebden Bridge. Leeds kuna Knaresborough na Skipton. Reading unabadilisha Twyford unaenda Henley-on-Thames. Southampton, Winchester na Romsey. Huna haja ya gari, na gari lenyewe maegesho yake ni vita nyingine.

Hatua ya 8: Mwaliko wa wakwe

Kama ndugu yako kaoa au kaolewa na Mwingereza kuna siku mtaitwa kijijini kwa mama mkwe chakula cha Jumapili. Wakisema 13:00 ni saa saba kamili mchana, sio saba na nusu, na wala usifike saa sita na nusu, kaa kwenye gari. Idadi ya watu iliyosemwa ndiyo inayoenda, usimchukue binamu uliyekutana naye jana, nyama imekatwa kwa hesabu. Beba maua au boksi la chokoleti. Kama huli kitu fulani shemeji aseme siku kadhaa kabla, kwenye meza usianze kusukuma nyama pembeni. Atakupa chakula kidogo kwenye sahani afu mboga zinazungushwa kwenye mabakuli, jipakulie na upeleke kwa wa pembeni. Kuna mbwa ndani, atakunusa, ukiwa unahitaji kuswali mwambie shemeji mapema akutafutie chumba ambacho mbwa haingii, wanaelewa vizuri tu. Usimwamkie mama mkwe kwa kupiga magoti, atadhani umeanguka. Baada ya pudini mara nyingi wanapendekeza kutembea, hata kama kuna manyunyu, nenda nao, hapo ndo mama mkwe anaanza kuongea kweli.

Siku ya kuondoka usimwombe mwenyeji aliyetoka zamu ya usiku akuendeshe Heathrow, kuna basi la National Express toka stendi ya St Margaret's Leicester, na kama ndege yako ni ya Stansted treni ile ile ya Melton na Oakham inakufikisha. Kata mapema, bei inapanda. Usiku wa kuamkia safari vua mashuka uyaweke kwenye mashine, begi lipime kwa mizani ya bafuni kwa kulibeba wewe mwenyewe afu utoe uzito wako, na chokoleti za watu wa nyumbani ziweke begi la mkononi zisikuzidishie kilo.